Kisanduku cha Kumi na Moja

Nipe hiyo fomu, Loretta, nikuandikie mimi.
Mkono wako wa kulia umelala kwenye plasta,
wa kushoto unaandika kama kuku aliyekanyaga wino.
Jina: Loretta Vandermark. Umri: sitini na mbili.
Kazi: mpishi wa shule, mstaafu.
Kazi uliyokuwa ukifanya ulipoumia: kujitolea.
Mshahara: hapa napiga mstari,
kisha naufuta, naandika sifuri,
maana mstari watadhani tumesahau.

Kisanduku cha kumi na moja kinauliza:
je, ajali ilitokea ndani ya eneo lako?

Kalamu inasimama.

Usiku ule simu ya upepo ililia saa nane na robo.
Gari la wenzetu wa Brandow Hollow lilikuwa mtaroni,
matairi juu kama mende,
na ng'ambo ya daraja mzee mmoja
moyo unamwendea mbio, unasimama, unamwendea mbio.
Waliuliza: mnaweza kuja?
Hawakuuliza: bima yenu inafika wapi?
Ulikuwa umeshavaa buti moja.

Mimi usukani, wewe unanisomea barabara
kwa sauti ileile ya kuwaitia watoto supu:
"Kona. Kulungu. Polepole, Emmett. Polepole nimesema."
Katikati ya daraja kuna kibao cha kijani,
upande huu jina lao, upande ule jina letu.
Tulikipita.
Theluji ya huku na theluji ya kule,
mshono sikuuona.

Hatua ya tatu kutoka mlangoni kwa Haskell Teator,
yeye juu ya machela, wewe upande wa miguu,
barafu ikakuchukua.
Machela hukuiachia. Hilo ningependa liandikwe
lakini halina kisanduku.
Nyonga ililia ka! kama kuni mbichi;
mkono ulikuja kusema baadaye, hospitali.
Wewe ulisema, "Mpakieni yeye kwanza."

Sasa wilaya yetu inasema: aliumia kwao.
Wilaya yao inasema: ni mtu wenu.
Wakipigana mafahali, nyasi huumia, tunajua.
Hawa hawapigani hata.
Kila mmoja anamkaribisha mwenzake kwenye nyasi.
Na yule bwana wa bima, sauti yake maziwa ya uvuguvugu,
anataka kujua ni nani hasa aliyeomba msaada,
na kama aliyeomba alikuwa na mamlaka ya kuomba.

Sheria ipo. Nimeisoma mara mbili
kwa miwani ya marehemu mke wangu.
Inasema aliyeitwa kusaidia ugenini
ahesabiwe kama aliyeumia nyumbani.
Sentensi moja, Loretta,
imezingirwa na "isipokuwa" saba.

Kujitolea. Nalitazama neno hili hadi linaota meno.
Ndani yake mna kutoa,
na ukilibana kidogo, mna kutoka.
Basi mtu ajitolee asitoke?

Unasikia huo mngurumo nje?
Ni Haskell na trekta lake,
moyo wake sasa una kijibomba cha waya.
Kila Jumamosi anavuka daraja kukuzolea theluji mlangoni,
anaacha chupa ya asali ya mti kwenye ngazi,
habishi hodi.
Wiki iliyopita nilimuuliza:
ukianguka hapa uani, nani atakulipa?
Akanitazama
kama niliyemuuliza theluji hii ni ya nani.

Haya. Kumi na moja.
Naandika: hapana.
Halafu pembeni, nje ya mstari,
palipoandikwa usiandike hapa,
naandika: aliitwa.

Tia sahihi, Loretta. Kwa kushoto.
Kuku na apite.
Kuna karatasi nyingine nne chini ya hii,
na kahawa imepoa.